Nilianza na praima moja nikaishia na nne: tathmini ya rangi za ndani baada ya kupiga nyumba nzima

Mwenzenu nimemaliza kupiga rangi nyumba nzima ndani, dari na kuta zote, na kwa kuwa njiani nimekosea karibu kila kitu kinachokoseka nimeona niandike, labda atapona mmoja. Majina ya makampuni sitataja, kwanza sitaki kesi, pili nimegundua kampuni moja hiyohiyo inatengeneza rangi safi na rangi ya hovyo, zinakaa rafu moja, makopo yanafanana kama mapacha, kinachobadilika ni kimstari kidogo cha rangi kwenye mfuniko. Kwa hiyo rangi nitaziita ya bei chee, ya kati na ya ghali. Praima nitaziita kwa kazi zake.

Mi sio fundi. Ni mtu tu anayependa kusoma maandishi ya nyuma ya kopo, tabia ambayo kumbe ingenisaidia sana kama ningeianza kabla ya kununua na sio baada.

Nianze na praima maana ndo iliyonitia adabu. Siku zote nilijua praima ni rangi nyeupe nyepesi unayopiga ili ukuta usinywe rangi yenyewe, basi, kwa hiyo yoyote ni sawa. Nikabeba ndoo moja kubwa ya praima ya kawaida ya maji nikasema hii inamaliza nyumba. Sasa nyumba yenyewe ina chumba kimeongezwa juzijuzi, plasta bado mbichi. Sebule ina rangi ya zamani inayotoa unga, ukipitisha kiganja kinatoka cheupe kama cha mwalimu. Dari ya korido iliwahi kuvuja, bati likarekebishwa lakini doa la kahawia likabaki pale kama ramani. Magonjwa matatu mi nimekuja na kidonge kimoja.

Chumba kipya ndo kilianza. Fundi kamaliza plasta, baada ya siku kama kumi ukiugusa ukuta mkavu kabisa, nikapiga praima, nikapiga rangi ya kijani ya bahari, kikapendeza nikapiga na picha. Haukuisha mwezi kuta zikaanza kutoa malengelenge sehemu za chini, pengine rangi imepauka mabakamabaka, pengine inatoka chumvi nyeupe kama manyoya ukiisugua inaanguka. Nikamlaumu muuza rangi wa watu bure. Plasta ya saruji ikiwa mpya ina ukali mkubwa, pH yake, yaani kipimo cha huo ukali, inafika 12 mpaka 13, na maji yanayotoka ndani ya ukuta yanabeba huo ukali na chumvi mpaka juu, yanakula gundi ya rangi na mengine yanaharibu hata rangi yenyewe, zile zenye rangi kali ndo zinaonyesha haraka. Kwa rangi ya mafuta ni balaa zaidi maana mafuta yakikutana na huo ukali yanageuka sabuni. Sabuni kweli, sio mfano, unakuta kitu kinateleza na kunata chini ya rangi.

Makopo mengi yameandikwa subiri siku 28, na hizo ni kwa hali nzuri, kukiwa na mvua au chumba hakina hewa ongeza. Mkono hauwezi kukwambia ukuta umekauka, unagusa juu tu. Chukua nailoni kipande cha kama sentimita 50 kwa 50, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne kisipitishe hewa, kiache siku nzima na usiku wake. Asubuhi ukikuta vitone vya maji kwa ndani au ukuta hapo umekuwa mweusi kuliko pembeni, bado. Mi nilikwangua chumba kizima, nikasubiri, nikafanya hicho kitu mara tatu, ya tatu ndo ikatoka kavu. Halafu nikapiga praima ya plasta mpya, ile inayoandikwa inahimili alkali, yaani huo ukali wa saruji, mkono mmoja (kuipitisha ukuta mzima mara moja). Mpaka leo chumba hakijatoa hata lengelenge. Praima hiyo naipa tisa kwa kumi, moja naitoa kwa sababu ni nzito na inaonyesha michirizi ya rola usipoikimbilia. Ila msije kudhani inazuia maji, kama ukuta unapandisha unyevu kutoka chini au bomba linavuja hakuna praima itakayokuokoa, tengeneza kwanza kinachovuja.

Sebule sasa. Hii ilinifundisha kitu ambacho hata fundi wangu alikuwa hakijui, au alikijua akanyamaza alipwe mara mbili, sijui. Ukuta unaotoa unga maana yake rangi ya zamani gundi yake imekufa, imebaki poda imejishikilia tu. Ukipiga juu yake praima nyeupe ya kawaida, praima inashikana vizuri sana na ile poda, ila poda yenyewe haijashikana na ukuta. Nilibandika tepu ya karatasi ili nipige mstari wa rangi ya pili, kuja kuibandua inatoka na praima na rangi kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, kipande kizima urefu wa mkono. Nilikaa chini.

Dawa yake ni brashi ngumu kavu kwanza, kisha kitambaa chenye unyevu mpaka unga upungue, kisha praima ya kupenya. Hii ni nyepesi kama maji ya maziwa, zingine hazina hata rangi, na watu wanaidharau kwa sababu ukishapiga huoni kitu. Kazi yake ni kuingia ndani ya ile poda na kuifunga na ukuta. Usiipige nene mpaka ing'ae, ikibaki inang'aa juu imeshindwa kupenya na rangi itateleza. Baada ya kukauka nikabandika tepu nikaivuta ghafla, ikatoka tupu. Hicho kipimo cha tepu naomba mfanye kabla ya kununua chochote, tepu moja tu inakwambia kama ukuta wako unahitaji rangi au unahitaji kukwanguliwa.

Doa la dari nitasema kwa kifupi maana linaniudhi. Nilipiga praima ya kawaida likarudi, nikapiga rangi mikono miwili likarudi, tena limetanuka. Lile doa linayeyuka kwenye maji, na rangi yangu ni ya maji, kwa hiyo kila mkono ninaopiga nalilowesha lipande juu tena. Linahitaji praima ya kuziba madoa isiyo ya maji, kuna ya mafuta na kuna ya shelaki, utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti. Mi nilichukua ya shelaki, mkono mmoja, likafa. Ila harufu yake jamani fungua kila dirisha, usiwe na moto karibu, na brashi inasafishwa kwa spiriti sio maji, mi nilijaribu maji brashi ikawa kijiti. Moshi wa jikoni, nikotini na kalamu za watoto zile za wino nazo ni dawa hiyohiyo.

Na ile ndoo ya kwanza, praima ya kawaida ya maji, msidhani ni mbaya, niliionea. Imefanya kazi nzuri sana chumba cha wageni ambako kulipigwa puti, ule uji mzito wa kuziba mashimo na nyufa, maana puti inanyonya tofauti na sehemu zingine na usipoweka praima viraka vinaonekana hata baada ya rangi mikono mitatu, vinakuwa vimefifia kama jasho kwenye shati. Kwa kazi hiyo naipa nane. Chumbani kwangu sasa, rangi ya zamani ilikuwa ya maji, imara, haitoi unga, tepu inatoka tupu, rangi mpya inakaribiana na ya zamani. Hapo sikupiga praima yoyote, nilipitisha msasa namba 180 juujuu, nikafuta vumbi, nikapiga rangi, imekaa vizuri kabisa. Kwa hiyo anayekwambia kila ukuta lazima praima anauza praima.

Kuhusu msasa kidogo. Kama nyumba ni ya zamani sana uwe mwangalifu na rangi zilizo chini, zamani walikuwa wanaweka madini ya risasi kwenye rangi, Marekani walipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978 na sehemu nyingi zilichelewa zaidi ya hapo. Vumbi lake ndo hatari hasa kwa watoto, kwa hiyo usisugue kavu kama huna uhakika.

Haya, rangi zenyewe. Nilinunua tatu, zote nyeupe ya maziwa, zote za maji, zote zisizong'aa, ili nilinganishe kwa haki. Watu dukani wakitaka kujua rangi nzuri wanafanya vitu viwili, wananyanyua kopo wanapima uzito, halafu wanakoroga na kijiti wanaangalia uzito wa uji. Mi pia nilifanya, nikaona ya bei chee ni nzito na nene kuliko zote, nikajiona mjanja nimeokota dodo chini ya mnazi.

Kumbe rangi ndani ni vitu vinne tu ukitoa mbwembwe. Kuna gundi, yaani resini, akriliki mara nyingi kwa zile nzuri, hiyo ndo inabaki ukutani na kushika kila kitu. Kuna unga unaofunika, kwa nyeupe ni titani dayoksaidi na hiyo ni ghali. Kuna unga wa kujazia, chokaa ya mawe, talki, udongo mweupe. Na maji. Kiwanda kikitaka kushusha bei kinapunguza viwili vya kwanza kinaongeza viwili vya mwisho, halafu kinatia dawa ya kufanya uzito ili isionekane ya maji. Chokaa nayo ni jiwe, ina uzito wake, kwa hiyo kopo zito halikuambii kitu, na uji mzito haukuambii kitu.

Kilichoniambia ukweli ni boksi. Nilichukua kadibodi yenye maandishi makubwa meusi nikapiga vipande vitatu, mkono mmoja kila rangi, nikaacha. Rangi ya ghali na ya kati maandishi yalififia palepale ikiwa mbichi, yakawa yanaonekana kwa mbali. Ya bei chee ilipokuwa mbichi nilisoma kila herufi, ilipokauka ikafunika zaidi kidogo kuliko nilivyotegemea nikasema si mbaya. Halafu nikaipitishia kitambaa kibichi. Herufi zikarudi! Nilidhani macho yangu. Kumbe chokaa ikiwa nyingi na gundi kidogo, ikikauka inabaki na vitundu vya hewa katikati, hiyo hewa ndo inaifanya ionekane nyeupe, ukiloweka vitundu vinajaa maji weupe unakimbia. Titani haina mchezo huo, inarudisha mwanga yenyewe iwe mbichi iwe kavu. Kwa hiyo ukiwa na kopo dogo la kujaribia fanya hivyo, kadibodi, mkono mmoja, ikauke, kitambaa kibichi. Dakika chache kabla ya kununua ndoo.

Hesabu sasa maana wengi tunaangalia bei ya kopo. Nina vyumba viwili vinavyofanana, kuta ukitoa mlango na dirisha ni mita za mraba 36 kila kimoja. Rangi ya kati kopo linasema lita moja inapiga mita 12, mi nimepata kama 10 (makopo yote yanasema kwa ukuta laini usionyonya, ukuta ambao hakuna mtu anao). Mikono miwili imetosha, ni lita 7 na kidogo. Rangi ya bei chee inasema 10 nikapata 8, na ikataka mikono minne ndo ule ukuta wa zamani ukaacha kuchungulia, hiyo ni lita 18. Bei yake kwa lita ni nusu ya ile ya kati, kwa hiyo piga mwenyewe, nimelipa zaidi kwa robo nzima, na siku mbili za ziada za fundi, na mgongo wake akanilalamikia mimi.

Ya ghali imefunika kwa mikono miwili vilevile kama ya kati. Hapo nilikasirika kidogo nikasema nimeibiwa. Nikasubiri wiki tatu, maana rangi ya maji inakauka mkononi saa moja au mbili lakini inakomaa kwa wiki kadhaa, usiisugue kabla. Nikachukua sponji na maji ya sabuni ya kuoshea vyombo nikasugua kila moja mara 50 sehemu moja. Ya bei chee ilifika kama mara 12 sponji likawa jeupe na ukuta unaonyesha chini. Ya kati ilimaliza 50 ila pakabaki pameng'aa kama goti la suruali ya zamani. Ya ghali, hakuna kitu. Kama sijaigusa. Nikaenda kusoma kopo lake ndo nikaona imeandikwa daraja la 1 la kusuguliwa, kipimo cha ISO 11998, maana yake baada ya kusuguliwa mara 200 kwenye mashine inapoteza chini ya mikroni 5 za unene (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ile ya kati haikuandika daraja lolote, ilikuwa na neno tu kwamba inaoshika. Kila kopo duniani lina neno inaoshika. Tafuta daraja, ukikosa daraja chukulia haioshiki.

Kwa hiyo ya ghali nimeiweka korido, jikoni na chumba cha watoto, basi. Dari nani anasugua dari? Chumbani kwangu nani anashika ukuta? Huko ya kati inatosha na inabaki hela.

Watu wengi wanakimbilia ya silki, ile inayong'aa kiasi, kwa sababu inaoshika, na ni kweli kadiri inavyong'aa ndo inavyofutika kirahisi, ila kung'aa kunaumbua ukuta. Kama plasta yako ina mawimbi, mwanga wa dirisha ukipiga ubavuni utaona kila bonde na kila kiraka. Mi niliweka silki ukuta mmoja wa jikoni, jioni taa ya pembeni ikiwaka ule ukuta unaonekana kama umepigwa plasta na mtu mwenye hasira. Kuta zisizo nyoofu chukua isiyong'aa lakini yenye daraja la kusuguliwa, ipo, ni hiyo ya ghali.

Kuna hizi zinazoandikwa praima na rangi ndani ya kopo moja. Nimejaribu kopo dogo kwenye mlango wa stoo na ukuta wake. Ni rangi nzuri nene tu. Juu ya rangi ya zamani iliyo imara inafanya kazi, lakini huo ukuta hata haukuhitaji praima, si ndo hapo. Kwenye sehemu ya unga ilibanduka vilevile, kwenye doa doa lilirudi vilevile. Sita kwa kumi, na hizo sita ni za rangi.

Harufu nayo. Imeandikwa haina harufu ukadhani haina kemikali, sio kitu kimoja, wanaweza kupunguza harufu mvuke ukabaki. Angalia herufi VOC, yaani kemikali zinazogeuka mvuke, na gramu kwa lita. Ulaya ukomo kwa rangi ya maji isiyong'aa ya kuta za ndani ni gramu 30 kwa lita tangu 2010, na zipo nyingi zinazoshuka chini ya hapo sana. Yangu ya ghali imeandika chini ya 5 na kweli usiku uleule watoto walilala chumbani madirisha yakiwa wazi. Ile ya bei chee haikuandika chochote, nayo ilinuka amonia siku tatu.

Kama unataka rangi kali, nyekundu au njano ya kuiva, jiandae. Hizo zinachanganywa kwenye besi, yaani rangi ya msingi kabla ya kutiwa rangi, ambayo titani ni kidogo au haipo kabisa, ndo maana hata kampuni nzuri nyekundu yake inachungulia mikono mitatu minne. Mwambie muuzaji akutilie rangi kidogo kwenye praima iwe kijivu, nyekundu ikikaa juu ya kijivu inafunika mapema kuliko juu ya nyeupe. Hili nilimbishia muuzaji nusu saa, nikampigia magoti baadaye.

Na mnaponunua makopo zaidi ya moja ya rangi ya kuchanganywa, angalieni namba ya toleo kwenye mfuniko, halafu mimina yote kwenye ndoo moja kubwa koroga ndo uanze. Mi ukuta wa sebule una mstari katikati ambapo kopo la kwanza liliisha, mchana hauonekani, saa kumi jioni unauona mpaka wageni wanauliza kama ni fasheni.

Fundi wako naye mlinde na maji. Wangu nilimkuta anamimina jagi kwenye rangi ya ghali, eti iende mbali. Kopo linasema asilimia 10 mwisho, yeye alikuwa anaelekea nusu. Nikamwambia kaka hiyo maji nimeshailipia mle ndani. Akacheka lakini aliacha, sijui chumba ambacho sikuwepo.

Nimebakiwa na nusu kopo la ghali na ukuta mmoja wa nyuma ya friji ambao nao, nimegundua jana nikisogeza, unatoa unga. Tepu ninayo, praima ya kupenya imebaki kidogo kwenye chupa ya juisi, kesho naanza na brashi kavu.